Dawa Isiyoachwa Ghafla

Wenzangu mliobaki dirishani pa duka la dawa mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na mimi nikakubali haraka kuliko nilivyopaswa. Shule yangu iliishia darasa la saba, halafu kozi ya utoaji dawa niliyoisoma nikiwa mtu mzima, nimekaa na vijana walioniita mama darasani. Kwa hiyo msitafute ustadi hapa. Nimeandika, nimefuta, na kila nikianza na mambo mengine najikuta nimerudi kwa mama mmoja wa Uru, kule juu mlimani, aliyeitwa Genoveva. Alikuwa na urtikaria sugu, ule ugonjwa wa mabaka ya kuwasha yanayokuja na kuondoka, na nadhani nilichangia kifo chake. Nasema nadhani kwa sababu uhakika sina, na sitaki kujidhulumu wala kujipendelea. Nitaanza mwanzo ili muone nilivyofika pale.

Nilizaliwa kambini kwenye mashamba ya miwa, chini huku tambarare. Baba alikuwa mkata miwa kutoka Singida. Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la dawa mjini Moshi, Mzee Kileo, mfamasia mwenye duka, alinipa sahani ya kuhesabia, kijiko bapa na kopo la vidonge elfu moja vya kuongeza damu. Akaniambia nifunge thelathini thelathini, akaenda zake kunywa chai. Nilijitahidi, nikahesabu kwa vidole kwa sababu ndivyo nilivyojua kuhesabu. Aliporudi alinitazama kidogo, akachukua pakiti zote nilizofunga akazimimina kwenye ndoo ya taka.

"Hivyo vidole vimeshika nini tangu asubuhi, Lea?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Vimeshika mlango, vimeshika mkono wa jirani yako, na pua sijui. Mgonjwa hakukuomba umwonjeshe."

Nililia chooni. Mchana akanipa kopo jingine. Hakuwa mtu mkali kwa kupenda ukali. Aliamini tu kwamba mtu akikosea mbele ya dawa ni bora aumie yeye kabla hajaumia mwingine. Mengi ninayoyajua ni yake, na yale niliyoyaharibu ni yangu.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni kipimajoto cha friji. Asubuhi na jioni unasoma, unaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nyuzi zisishuke chini ya mbili, zisipite nane. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuandika namba ya uongo kwenye karatasi ile, hata siku nilizochelewa nikaacha nafasi tupu na kugombezwa. Nalitaja hili kwa sababu baadaye niliandika uongo kwenye karatasi nyingine, na huwa najiuliza ilikuwaje mkono uleule.

Wagonjwa wa muwasho walikuwa wengi, nanyi mnawajua. Mtu anafika amevimba mabaka mikononi kama aliyepita kwenye upupu, lakini kesho yake ukimwona ni safi, hana alama, na nyumbani wanamwambia anajidekeza. Wakati ule tulikuwa na piritoni. Iliwasaidia, na iliwalaza. Nakumbuka dereva wa lori la ndizi aliyesema afadhali ajikune akiwa macho kuliko apone akiwa korongoni. Baadaye zikaja dawa zisizolaza sana, setirizini na ndugu zake, tukapumua.

Genoveva alianza kuja wakati huo wa mpito. Alikuwa mwanamke wa kimo cha wastani, mcheshi, mwenye kihamba cha kahawa na migomba huko juu na binti mmoja, Beata, aliyeolewa Tarakea. Mara ya kwanza alifunua tumbo pale pale dirishani, watu wakiwa nyuma yake.

"Dada, nitazame. Mume wangu anasema ni dawa tuliyopulizia kahawa. Mama mkwe anasema ni mayai. Jirani anasema ni mimi mwenyewe, nina roho mbaya inatokea nje."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema inawasha."

Aliacha mayai. Akaacha parachichi, akaacha samaki, akaacha pombe ya mbege, akaacha nyama ya nguruwe. Mabaka hayakuacha chochote. Siku nyingine midomo ilivimba mpaka akawa anaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na hakwenda kanisani kwa sababu alishindwa kuimba. Muwasho haukumwacha alale, na mtu asiyelala miezi na miezi anakuwa mtu mwingine. Nasema haya ili msimwone kama mtu aliyependa vidonge. Alikuwa anatafuta usingizi.

Siku moja alikuja na cheti cha zahanati: prednisoloni, siku tano. Nilimpa. Siku ya pili tu mabaka yalikuwa yamekwisha, na wiki mbili baadaye yalikuwa yamerudi. Mara ya kwanza, basi, nilimpa kwa cheti halali. Mara ya pili alikuja na cheti kilekile, kimekunjwa mpaka kimeanza kukatika. Mara ya tatu cheti hakikuwepo, na mimi sikukiuliza. Nikijaribu kukumbuka mlango hasa niliopitia kuingia kwenye kosa, ni huo, na haukuwa na kizingiti.

Mzee Kileo alikuwa ameshanieleza kuhusu vidonge hivyo. Si kwa habari ya Genoveva, ilikuwa kwa mteja mwingine aliyemkatalia mbele yangu. Alinieleza kwa mfano wa kule nilikotoka. Alisema mwili una kiwanda chake kidogo juu ya figo kinachotengeneza kitu kama dawa hii hii, kidogo kidogo kila siku, na mtu akiugua au akiumia kiwanda kinaongeza kazi. Ukimletea mwili vidonge kila siku kwa muda mrefu, kiwanda kinaona hakuna haja, kinafunga, wafanyakazi wanarudi makwao. "Sasa wewe umekulia kwenye sukari," akasema. "Msimu ukifungwa, boila linawashwa kwa siku moja?" Nikamwambia hapana, wanaanza mapema, pole pole, ama sivyo linapasuka. "Basi ndivyo hivyo. Dawa hii haiachwi ghafla. Inashushwa hatua kwa hatua, na anayeishusha ni daktari."

Nilielewa. Nataka hilo lisomeke wazi: nilielewa. Sikuwa mtu asiyejua.

Lakini Genoveva alikuwa mbele yangu na lile somo lilikuwa nyuma yangu. Mzee Kileo alianza kuugua miguu, akawa haji kila siku, na mfamasia aliyemsaidia alikuja mara mbili kwa wiki. Siku zilizobaki dirisha lilikuwa langu. Mama anafika macho mekundu, ana arusi ya mtoto wa dada yake, ana msiba, ana kuchuma kahawa. Nampa vya wiki. Kisha vya wiki mbili. Kisha akawa anavinywa kila siku, na wakati mwingine alimtuma mumewe, Silvesta, mtu mrefu asiyependa maneno, anasema tu, "Vile vya mama," nami namfungia. Mashavu ya Genoveva yakajaa. Huko juu walimsifu kwamba ndoa imemkubali uzeeni. Mimi nilijua ni vidonge. Nilimwona akipata michubuko kwa kugusa tu meza, nikamwuzia hata dawa ya presha iliyoanza kumpanda.

Katikati ya hayo nilifanya kosa jingine, na hili ninyi mnaweza kulifanya kesho. Alikwenda kliniki ya ngozi, daktari wa wakati ule akamwandikia setirizini mbili asubuhi na mbili jioni. Nilikitazama kile cheti nikaona daktari amekosea, maana kwenye boksi imeandikwa moja kwa siku. Sikupiga simu. Niliandika moja kwenye bahasha yake. Nilijiona mlinzi. Miaka ilipita kabla sijafundishwa kwamba kwa urtikaria sugu, ile moja isipotosha, daktari anaweza kupandisha mpaka nne, na kwa wengi inatosha kabisa. Kwa hiyo nilimlinda na dawa ambayo haikuwa na hatari kubwa, nikaendelea kumpa yenye hatari. Genoveva alirudi kusema za kliniki hazisaidii. Hakuwahi kuzinywa zilivyoandikwa, na hakujua.

Mzee Kileo alifariki. Tulimzika kwao, mvua ikinyesha, na nilibeba shada nikifikiri kuna jambo sikumwambia.

Baadaye akaja Daktari Neema, kijana, mwanamke, akafungua kliniki ya ngozi jengo la jirani. Alikuwa na desturi ya kuingia mwenyewe dukani badala ya kutuma karatasi. Ni yeye aliyenifundisha ile habari ya vidonge vinne, bila kunicheka. Akanieleza pia kwamba ugonjwa wenyewe mara nyingi hautoki kwenye chakula wala kwenye dawa ya kahawa. Ni kinga ya mwili inayojichokoza yenyewe. Na akasema kuna sindano mpya, ya kila wiki nne chini ya ngozi, inayozuia ule uchokozi kwa wale ambao vidonge vimewashinda. Alikuwa amehangaika mpaka akapata dozi za msaada kwa wagonjwa wachache. Friji yetu ilikuwa na betri ya akiba, basi sindano zikakaa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea, kuzitunza zisigande wala kupata joto, kumtolea mgonjwa siku yake, na kumkumbusha akae benchi la kliniki baada ya kuchomwa mpaka waridhike kwamba mwili haujaikataa.

Genoveva alikuwa miongoni mwa wachache hao. Nilifurahi, nakiri, kama vile mimi ndiye niliyeitengeneza.

Kabla ya dozi ya kwanza Daktari Neema alileta fomu. Kulikuwa na sehemu inayojazwa na duka la dawa: dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Alikuwa ameshamwuliza Genoveva mwenyewe, mara mbili, na mara mbili Genoveva alisema hapana. Daktari hakuridhika. "Ule uso wake, mama," aliniambia, "nina wasiwasi na prednisoloni. Nyie mnaifahamu historia yake kuliko mimi. Jaza unachokijua."

Saa hiyo hiyo Genoveva alikuja dirishani, akainama.

"Dada Lea, usinitaje. Daktari wa kwanza alinikemea kwa ajili ya vile vidonge mbele za watu. Huyu akijua ataninyima sindano ampe mwingine."

"Hawezi kukunyima kwa hilo."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Na zaidi ya hapo, nilijua kwamba nikiandika prednisoloni kila siku, miaka kadhaa, swali linalofuata ni nani aliyekuwa anampa. Nikisema nilinyamaza kwa ajili yake tu, nitakuwa muongo. Nikisema nilinyamaza kwa ajili yangu tu, nitakuwa najipamba kwa ubaya, maana yale macho yake yaliniomba kweli. Niliandika: setirizini, dawa ya presha. Nikaweka sahihi. Mwandiko wangu si mzuri lakini siku ile ulinyooka.

Sindano ilifanya kazi. Baada ya ya kwanza alilala usiku mzima. Baada ya ya pili alikuja bila sweta, siku ya baridi, ili tu watu waone mikono yake. Aliniletea mkungu mdogo wa ndizi za mtori. Alikuwa amekula yai.

"Mayai mawili, dada. Nimekaa nikasubiri. Hakuna kitu. Miaka yote ile nimewapa kuku heshima wasiyostahili."

Nilicheka. Kulikuwa na foleni, mwanamume mmoja nyuma yake alikuwa akigonga kaunta kwa ufunguo.

"Na vile vidonge vyako nimeviacha," akasema. "Tangu Jumapili. Nimetupa chooni pakiti nzima, mbele ya Silvesta, kama mtu anayemkataa shetani."

Niliweka chini kijiko cha kuhesabia.

"Ungeshuka taratibu," nikamwambia.

"Kushuka wapi?"

"Vidonge. Huwa haviachwi hivyo. Njoo tuongee foleni ikiisha."

"Mbona niko mzima? Nimechoka kidogo tu. Ni kazi za kipaimara cha mtoto wa shemeji." Akanishika mkono, akaenda.

Sikumfuata. Kliniki ilikuwa mlango wa pili, hatua kama ishirini. Nilimhudumia yule wa ufunguo. Alitaka dawa ya mafua.

Siku ya kipaimara watu kadhaa waliharisha na kutapika, chakula kilikuwa kimelala. Wote walipona, wengine kesho yake tu. Genoveva alitapika usiku, asubuhi akawa hawezi kusimama, presha imeshuka haisomeki vizuri. Walimpeleka kituo cha afya, wakamwekea maji. Walifanya walichojua. Hakuna aliyejua kwamba mwili ule hauna kiwanda kinachofanya kazi, kwamba pamoja na maji alihitaji kuchomwa ile dawa aliyoitupa chooni. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Mimi nilisikia kwa Anna, mwenzangu wa dukani, mzaliwa wa huko huko juu. "Yule mama wa sindano amekufa," alisema. Ndivyo habari ilivyoshuka mlimani: mama wa sindano. Haikupita wiki ikawa sindano ndiyo iliyomuua. Mimi sikuyaanzisha maneno hayo. Nilikuwa tu mtu pekee Moshi nzima aliyeweza kuyazuia.

Wagonjwa wengine wa sindano walikuwa wawili. Dada mmoja aliacha kupokea simu. Wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea kutoka Bomang'ombe, aliyekuwa ameanza kupata usingizi baada ya miaka minne ya kujikuna kwa brashi ya waya, ndivyo alivyosema mwenyewe, na sidhani alitania. Alipita dirishani kuniaga.

"Kaka, zako zipo ndani ya friji. Leo ndiyo siku yako."

"Ile ya mama wa Uru?"

"Dawa ni hiyo, lakini haikuwa..."

"Haikuwa nini?"

Sikumaliza. Alingoja kwa adabu, kisha akaomba piritoni. Nilimpa.

Kwa miezi mitatu nilisoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika joto la sindano ambazo hakuna aliyezitaka. Daktari Neema aliacha kuingia dukani. Nilimwona amekaa kwenye benchi lake la nje, mahali walipokaa wagonjwa. Watu wa ukoo wa Genoveva walikuwa wamemfuata wakamwambia maneno; alipoangalia faili, faili lilikuwa safi. Nililisafisha mimi.

Siku dozi zile zilipopita tarehe yake, ilinibidi nimpelekee ili aweke sahihi ya kuziharibu. Niliweka boksi mezani kwake, nikabaki nimesimama.

"Daktari, Genoveva alikuwa anatumia prednisoloni. Kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nampa."

Hakuinua kichwa. "Miaka mingapi?"

"Kila siku, kama mitatu. Kwa vipindi, zaidi ya sita. Aliacha ghafla wiki mbili kabla. Aliniambia."

"Alikwambia."

"Ndiyo."

Alivuta faili la Genoveva. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa alivyotapika, nani alimwona, presha ilisemaje, nami nikamjibu nilichosikia. "Inawezekana sana ni hiyo," akasema. "Hatutajua. Ningemshusha taratibu, mama. Ningempa kikaratasi akibebe, kwamba akiugua wamchome. Nilikuuliza." Hakuniambia neno jingine baya, na sitaongeza la kubuni ili nionekane nimeadhibiwa. Aliweka sahihi kwenye karatasi ya boksi. "Nenda kwao. Mimi nikienda nitaonekana najisafisha."

Anna alinishauri namna ya kwenda. Mimi si Mchagga, ingawa nimezeeka huku, kwa hiyo alinieleza kama anavyoelezwa mgeni: chukua jani la sale, ule mmea wa uani wanaoupanda mipakani na makaburini, lifunge fundo, mpelekee uliyemkosea. Mtu akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Hata kama umemuua mtu wake. Akikataa, kosa linahamia kwake. Alinikatia mwenyewe majani mawili mazuri, akayafunga.

Niliyabeba mpaka nusu ya mlima. Nilishuka kwenye bodaboda kabla ya kwao ili nitembee kidogo, na njiani yakaanza kunielemea. Nilifikiri: huyu mtu amefiwa na mke, hajui kwa nini, na mimi napanda kumwambia kwa nini huku nimeshika kitu kitakachomfunga mdomo kabla hajaufungua. Labda nilikosea kufikiri hivyo. Desturi ile imezima damu nyingi, na mimi ni nani wa kuitilia mashaka. Lakini niliyaweka juu ya ua wa mtu, pamoja na masale mengine, nikaenda mikono mitupu.

Silvesta alikuwa anapalilia migomba. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda. Nilisema yote, kuanzia cheti kilichokunjwa hadi yule mtu wa ufunguo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama mikono yangu.

"Hukuleta sale."

"Sikuleta, baba."

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Sikutaka uninyamazie kwa lazima."

Aliinama akang'oa jani kavu la mgomba, akalikunja kunja.

"Ungeileta ningeipokea," akasema. "Ningekusamehe, ungeshuka, tungemaliza. Sasa sijui nifanye nini na wewe. Nimemwambia yule daktari mtoto maneno ambayo huwezi kumwambia mtoto wa mtu."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo." Akalitupa jani lile. "Na mimi vidonge hivyo nilivibeba. Vile vya mama. Nilivibeba mfukoni mwa shati." Mwishowe akasema, "Jumamosi jumuiya inasali hapa kwangu. Uje. Yote uliyoniambia mimi, uwaambie wao, maana wao ndio waliomsema daktari."

Mnaosali jumuiya ndogo ndogo za kanisa mnajua zilivyo: asubuhi mapema, mabenchi ya kuazima chini ya migomba, watu kama ishirini, wote wanajuana mpaka kuku zao. Baada ya sala mwenyekiti alisema kuna mgeni ana neno. Nilisimama. Wa nyuma hawakunisikia, nikaombwa nirudie. Nilieleza kwamba haikuwa sindano, au kwa kadiri daktari anavyoona haikuwa sindano. Nilieleza kile kiwanda juu ya figo. Nikasema mimi nilimpa vidonge bila cheti, nikaficha kwa daktari, na alipoviacha sikumzuia.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mzee mmoja alianza, "Kwa hiyo ninyi watu wa mjini..." lakini hakuendelea, kwa sababu mwanamke wa benchi la nyuma, mnene wa mashavu, alikuwa amesimama akifungua fundo la kanga. Alitoa bahasha ndogo ya dawa.

"Na hivi je?"

Niliisogelea. Prednisoloni, mwandiko wangu.

"Ni vya magoti," akasema. "Genoveva alinigawia, nikaona vinafaa, nikawa namtuma mtu kwako. Mwaka wa pili huu. Kwa hiyo leo nivitupe?"

Kabla sijamjibu, mwingine upande wa wanaume aliingiza mkono mfukoni. Yeye alikuwa na pumu, na vyake havikutoka kwangu, vilitoka Tarakea. Kisha mama mmoja akasema vyake viko nyumbani, ameviacha kwenye kabati, akivimaliza ataacha. Wote walikuwa wananitazama, na baadhi yao, niliyaona macho yao, walikuwa tayari kuvitupa pale pale kwa hofu.

"Msiache," nikasema.

Ilikuwa vigumu kulitamka neno lile kwenye ua ule, kaburi likiwa linaonekana.

"Msivitupe. Endeleeni kumeza vilevile, msipunguze wenyewe, mpaka Jumatatu mje kwa daktari awashushe pole pole. Mtu akitapika kabla ya hapo, au akilegea, apelekwe hospitali, na aseme anatumia vidonge hivi. Aseme jina la vidonge."

Nilirudia mara mbili, nikaandika majina yao. Walikuwa watatu. Nilipoinua kichwa Silvesta alikuwa amesimama karibu yangu, kofia mkononi.

"Maneno yenyewe ndiyo hayo?" akaniuliza. "Yale ambayo mama angeambiwa?"

"Ndiyo hayo, baba."

"Hayo tu."

"Hayo tu."

Alivaa kofia. "Mafupi hivyo," akasema, kisha akaenda kusaidia kurudisha mabenchi ya watu.